Maji Yasiyopwa

Njia ilimeguka chini ya miguu ya Erukana wakati akimwonya dada yake Proscovia, aliyekuwa mbele yake, asikimbie. Damian alikuwa amekwisha kufika chini. Alisikia mawe yakiporomoka, akainua kichwa, akamwona yule mwanamume mrefu akija kwa mgongo, mikono imetanuka, na kipande kizima cha njia kikimfuata. Proscovia aliruka pembeni akaangukia mchangani, akasimama bila hata mkwaruzo. Erukana hakusimama.

Vumbi lilipotulia waliona mambo mawili kwa mpigo. Mguu wa kulia wa Erukana ulikuwa umegeukia upande usio wake. Na njia waliyoshukia haikuwepo tena. Palibaki ukuta wa mwamba mtupu, umesimama wima kuliko maghorofa ya mtaa wao wa Rinkeby kule Stockholm, ambao hata mbuzi angeutazama tu akaenda zake.

Walikuwa wamekuja kisiwa cha Mallorca, Hispania, kutoka Stockholm kwa zile safari za bei nafuu, ndege na hoteli kwa pamoja, ambazo Waswidi wa miaka ile ya sabini walizichangamkia kama harusi. Aliyeanzisha habari yenyewe ni Damian, kijana wa Lindi, fundi wa lifti. Alitaka kumposa Proscovia. Proscovia, muuguzi msaidizi aliyeikimbia Uganda pamoja na kaka yake, alimjibu kwamba haendi popote na mwanamume bila Erukana kuwepo. Basi Erukana akaja. Alikuja na koti, kofia, na uso wa mtu anayekagua mizigo mpakani.

Pwani ya hoteli ilijaa miamvuli na watu waliojipaka mafuta. Damian akasikia kwamba nyuma ya majabali kuna hori dogo la bahari ambalo watu hawalifikii, akaona hapo ndipo pa kumvutia shemeji mtarajiwa. "Mimi ni mtu wa bahari," aliwaambia wakati wa chai. "Niachieni mimi." Na hori lenyewe lilikuwa zuri, tusilisingizie. Mchanga ulikuwa mweupe, misonobari imeinama juu ya ukingo ikinukia utomvu, na maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungeweza kuona vivuli vya samaki vikitembea chini. Mtu angeweza kukaa pale akasahau dunia, na hilo ndilo lililowapeleka.

Proscovia alipiga magoti kando ya kaka yake. Alimvua kiatu taratibu, Erukana akauma mkanda wa suruali asipige kelele. Mfupa haukutoka nje, lakini kifundo kilikuwa kimevimba na wayo ulikuwa umelala vibaya.

"Damian, leta miti. Ile iliyotupwa na maji. Na taulo, chana."

Damian alileta. Proscovia alifunga banzi. Kisha akabonyeza kucha ya kidole gumba cha mguu, ikapauka, akaiachia, akangoja damu irudi. Ilirudi kwa uvivu mno.

"Mguu hii haipati damu vizuri," alisema kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Hatuwezi kukaa hapa."

Huo ulikuwa mguu wa kulia wa dereva wa basi. Erukana alikuwa ameendesha malori hadi Mombasa kabla ya kukimbia kwao, na Stockholm ilimpa usukani tena baada ya kumsotesha kwa kufagia theluji. Kila mmoja pale mchangani alijua mguu ule ulikuwa unamlisha.

Damian aliangalia kushoto, ambako rasi ya mwamba iliingia baharini kama kiwiko. "Nyuma ya rasi ile ndiyo pwani ya hoteli," alisema. "Maji yakipwa tutapita chini yake kwa miguu. Tutamlaza kaka kwenye lile godoro la kupuliza tulilokuja nalo, tumbebe. Mnaona ule weusi kwenye mwamba, juu ya maji? Maji yalifika pale. Sasa yanatoka."

"Lini yatatoka?" aliuliza Proscovia.

"Si muda. Tungoje kidogo."

"Ziwa la kwetu halitoki. Linakaa pale pale mwaka mzima."

"Ziwa ni ziwa, Prosi."

"Na ile ya Stockholm?" Erukana aliuliza, amefumba macho. "Mimi navuka yale madaraja kila siku. Sijaona maji inaondoka."

"Ile nayo ni kama ziwa tu, kaka. Haina chumvi ya maana, ndiyo maana inaganda. Hii onja."

Alimletea maji kiganjani. Erukana akalamba, akakunja uso. Chumvi ilikuwa kali, chumvi ya kweli, na ubishi ukaishia hapo. Nani angebishana na mtu wa Lindi juu ya bahari?

Damian hakuwa akidanganya. Kwao bahari hutoka ikaenda mbali, ikaacha miamba na vidimbwi wazi, na utotoni alikuwa akifuatana na shangazi zake huko nje kuchokoa pweza kwa vijiti. Bahari aliijua kwa nyayo. Jambo ambalo hakuwaambia ni kwamba maji yakimpita kifua, moyo ulianza kumwenda mbio. Kuogelea alijua, ila karibu na ardhi. Kungoja maji yapwe kulikuwa ujuzi, na vilevile kulikuwa maficho mazuri.

Akaweka jiwe jeupe kwenye ukingo wa maji ili aone yanavyoondoka, nao wakangoja.

Jua lilipanda likawakuta. Hori lile halikuwa na kivuli ila utepe mwembamba chini ya ukuta, wakamvuta Erukana huko. Chupa ya maji ilikuwa moja. Proscovia alimpa mgonjwa mafunda, yeye akalowesha midomo, na Damian akasema hana kiu, uongo ambao hata jiwe lisingeuamini. Machungwa mawili waliyokuja nayo yaliliwa mpaka maganda. Walipaza sauti kwa zamu, na sauti zikagonga mwamba zikawarudia. Huko nje mashua za matanga zilipita mbali, ndogo kama kucha.

Damian alikwenda kuliangalia jiwe lake. Maji yalikuwa pale pale. Akarudi, akakaa, akaenda tena. Pale pale. Safari moja alitamani kulisogeza kwa mguu, ili walau aonekane hakukosea, na aibu ya tamaa hiyo ikamchoma kuliko jua.

Alichokuwa hakijui ni kwamba bahari ya Mediterania haipwi, au hupwa kidogo tu, chini ya kina cha kifundo cha mguu. Nchi zimeizunguka kila upande, ikabaki na chumvi ya bahari na tabia ya ziwa. Ule weusi mwambani ulikuwa kuvu tu, ulioota kwa kurushiwa matone ya mawimbi. Asubuhi ile, wakati maji yametulia kama ya beseni, wangeweza kumsukuma Erukana juu ya godoro mpaka upande wa pili bila shida kubwa.

Alasiri upepo uliingia. Mawimbi yakaanza kupiga rasi na kurusha povu, na jiwe jeupe, badala ya kuachwa pakavu, likafunikwa.

"Damian," Proscovia aliita. Hakuinua sauti. Alikuwa amebonyeza ile kucha na kuiachia, na rangi haikurudi. Wayo ulikuwa baridi katika joto lote lile. "Kama hafiki kwa daktari leo, wataukata."

Erukana alikuwa ameacha kutokwa jasho. Alimtazama Damian kwa macho mekundu, akangoja, kama mtu aliyeuliza swali zamani na hataki kulirudia.

Damian alikaa chini mbele yao. Alitafuta maneno ya kujiokoa, na yalikuwepo, kwa maana upepo ungeweza kulaumiwa. Aliyaacha.

"Siijui bahari hii," alisema. "Nimewakalisha hapa bure. Na nilikuwa naogopa kuogelea mbali, ndiyo maana nilipenda kungoja. Kaka, nisamehe."

Proscovia aligeuza uso. Alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake. Erukana akasema, "Puliza godoro."

Damian alipuliza mpaka akaona vimulimuli. Erukana, mtoto wa visiwa vya Ssese kwenye ziwa la kwao, aliyeogelea kabla hajavaa suruali, alitoa maagizo akiwa amelala: afungwe kwa taulo kiunoni, mguu uwekwe juu ya kifurushi cha nguo, Damian asukume kutoka nyuma na kupiga miguu. Proscovia hakujua kuogelea na godoro lisingebeba wawili. Alimpa kaka yake funda la mwisho la maji.

"Na wewe je?" Damian aliuliza.

"Mimi nina miguu miwili. Mpeleke kaka yangu." Kisha, kwa sauti nyingine, "Na wewe urudi."

Wakaingia. Maji yalifika kiunoni, yakafika kifuani, halafu chini pakakosekana. Damian akakaza mikono kwenye godoro, akapiga miguu.

"Usitazame chini," alisema Erukana. "Nitazame mimi. Toka nje zaidi, mwamba uache mbali. Wimbi la kwenda halina neno, la kurudi ndilo linaua."

"Kule nje ni mbali, kaka."

"Toka nje."

Akatoka nje. Kila wimbi lilimwinua likamtua, chumvi ikamjaa puani na kooni, akatapika akiwa anaogelea. Kwenye ncha ya rasi mawimbi mawili yalikutana yakalipindua godoro upande. Erukana alizama nusu, akalia kwa maumivu kilio ambacho Damian hakuwahi kukisikia kwa mtu mzima. Damian alipiga mbizi bila kufikiri, akaingia chini ya godoro, akalisukuma kwa bega mpaka likakaa sawa. Alipoibuka hakuwa na pumzi. Godoro nalo lilikuwa likitoa mlio mwembamba wa hewa kuvuja.

"Piga miguu," Erukana alisema kwa meno yaliyokazwa. Alikuwa akipiga kasia kwa mikono yote miwili. "Mwanangu, piga."

Misuli ya paja ilimkaza Damian, akaendelea na mguu mmoja. Hakuona pwani ilivyofunguka. Alichokiona kwanza ni ubavu wa mashua wenye rangi ya buluu iliyobanduka, na mzee akivuta nyavu. Alipaza sauti kwa Kiswahili, kisha kwa Kiswidi. Mzee hakujua lugha yoyote kati ya hizo, lakini mguu ule haukuhitaji mkalimani. Alimshika Erukana makwapani akampandisha, kisha akampandisha Damian, akawapa mtungi wa maji.

Damian hakuushika. Alionyesha nyuma ya rasi, akaonyesha kidole kimoja, akajichorea hewani umbo la mwanamke. Mzee Anselmo, ndilo jina walilokuja kumjua nalo, aliwasha injini akaielekeza mashua huko. Proscovia walimkuta amesimama ndani ya maji mpaka mapajani, amekaribia kadiri alivyothubutu mtu asiyejua kuogelea. Alipopandishwa alimshika kaka yake kwanza. Baadaye alimshika Damian mkono, wala hakuuachia hadi gatini.

Mguu haukukatwa. Daktari alisema kwamba wangefika asubuhi ungepona kabisa, ila sasa kifundo hakitakunjika tena. Mtu wa kifundo hicho haendeshi basi. Erukana alipewa kazi ya kukaa kwenye kibanda cha tiketi, kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi.

Majira ya kupukutika majani, posa ililetwa kwa Proscovia, Rinkeby. Upande wa Damian alisimama Mama Getrude, mama wa Bukoba aliyeishi mtaa wa Hässelby, anayependa pilau na anayependa habari zaidi ya pilau. Ilipofika chai alitaka kusimuliwa yote, na aliposimuliwa akakunja kipaji cha uso.

"Hebu niambieni. Mmeanguka asubuhi, mmefika jioni. Mchana kutwa mlikuwa mnafanya nini huko chini?"

Damian aliweka kikombe mezani, akafungua kinywa.

"Ni mimi, mama," Erukana alisema. "Niliogopa maji. Huyu kijana alinibembeleza tuingie, tuingie, nikakataa. Ndiyo muda ukapotea."

"Mtu mzima hivyo?" Mama Getrude alicheka mpaka akashika mbavu. "Anaogopa maji!"

Erukana aliupokea ule mcheko kwa adabu, akaomba sukari. Proscovia alinyanyuka ghafla akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Kabla usiku haujaingia, Damian alimsindikiza Erukana kituoni. Walikwenda kwa mwendo wa fimbo. Kwenye ngazi za umeme Damian hakuweza kuvumilia tena.

"Kaka, kwa nini umesema vile? Mguu ni wako. Kazi ilikuwa yako."

Erukana alihamishia fimbo mkono wa pili.

"Ulikiri mwenyewe kule horini," alijibu. "Tulikuwa watu wawili, tukakusikia, ikatosha. Mama Getrude hakuwepo."

Damian alilia palepale kwenye ngazi, kati ya watu wanaotoka kazini, na shemeji yake akamshika bega mpaka wakafika chini.