Mkalimani wa Arbia

"Mwambie mkeo maradhi haya ni ya watu wawili, hupatikana kitandani," daktari alisema kwa Kiswahili. "Mtachomwa sindano wote, la sivyo huenda asizae."

Dubow akakohoa, akamtafsiria Arbia kwa Kisomali: "Anasema ni tumbo tu. Umekalia mawe ya moto."

Arbia alitazama sindano zikichemka kwenye sufuria juu ya stovu. Mwaka ule vita vya shifta, wale waasi wa mpakani, vilipomzuia Dubow Isiolo na mbuzi wake, yeye alikuwa akiwauzia wake wa makarani wa Garissa maziwa, na Kiswahili alikiokota pale milangoni. Dubow hakuwahi kumuuliza.

Majirani zake mtaani Galbet nao walimwambia ni mawe, kwamba kisonono ni cha wanaume, ajifukize ubani. Alijifukiza hadi nguo zikanuka moshi, na bado mkojo ulimchoma. Mama mkwe wake, Habibo, alikuwa ameshamtafutia Dubow mke wa pili huko Bute, wa kuzaa.

"Daktari," Arbia akasema kwa Kiswahili, "mimi simjui mwanamume mwingine. Ugonjwa huu umeniingia vipi?"

Dubow akashika ukingo wa meza.

"Muulize mumeo, mama."

"Na yeye akichomwa peke yake?"

"Atauchukua tena kwako. Kwa mwanamke hujificha."

"Na ubani?"

"Unanukia vizuri. Hauponyi."

Walichomwa wote wawili. Nje, Dubow akakiri habari ya mwanamke wa mkahawani Isiolo, maneno yakimtoka kwa shida.

"Uliniacha nidanganye mbele ya mtu," akanung'unika.

"Nilitaka kuona utafika wapi."

"Nisamehe, Arbia. Sitaki mke mwingine."

"Usiniambie mimi. Kamwambie mama yako, nikiwa nimekaa hapo."

Nyumbani akamwambia mama yake kweli, macho chini, kwamba msichana wa Bute abaki kwao, ugonjwa ameuleta yeye. Kisha akatoka kwenda kwa mbuzi, na Arbia akamwekea chai yake pembeni mwa moto isipoe, jambo ambalo asubuhi hakulifanya.

Habibo alibaki na Arbia. Dubow ndiye mtoto pekee aliyemzaa, na kwa sababu hiyo aliletewa wake wenza wawili.

"Arbia," akasema polepole, "huo ugonjwa, zamani pia ulikuwepo?"

Arbia akasogea kwenye mkeka, akampisha karibu yake, akaanza kumweleza tangu mwanzo.