Simu Inayonyamaza Safarini

Gari la mikate lilirudi na kioo cha pembeni kinaning'inia.

"Upepo, leo umegonga nini?" baba yake aliuliza. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba.

"Nguzo, baba. Imekaa karibu mno na barabara."

"Kwa hiyo ilikufuata?"

Upepo ndilo jina walilompa wenzake, kwa mbio zake. Mwenye kiwanda cha mikate hakucheka. "Nakupa mwezi mmoja," alimwambia. "Ukikwaruza gari tena, nirudishie funguo."

Dada yake alikuwa amejifunza kutengeneza programu za simu. Akamtengenezea moja ya kupima mwendo. Akiendesha vizuri, nyota inawaka kwenye simu. Akizidisha mwendo, inazimika.

Siku ya pili Upepo alirudi, akamwita dada yake.

"Nusura nimgonge muuza mboga na toroli lake."

"Kwani ulikuwa unakimbia?" dada aliuliza.

"Sikukimbia! Nilikuwa naangalia nyota."

Dada alishika kichwa. Jirani yao, mwalimu wa udereva, alikuwa karakanani akisubiri gari lake. Akasema, "Binti, umefanya kazi nzuri, lakini umempa sababu ya kutotazama njia."

"Nilitazama sekunde mbili tu, mwalimu," Upepo alijitetea.

"Kwa kilomita sitini kwa saa, sekunde mbili ni mita thelathini na tatu. Fumba macho. Tembea mita hizo humu ndani."

Upepo akafumba macho. Alipiga hatua nne, mikono mbele, kati ya milango iliyong'olewa na mitungi ya gesi. Akasimama.

"Siwezi. Nitajiumiza."

"Kwa miguu huwezi. Kwenye gari unawezaje?"

Upepo alimrudishia dada yake simu.

Dada aliibomoa programu yake, akaanza upya. Sasa gari likianza kwenda, simu inazima kioo chake. Haionyeshi nyota wala ujumbe. Nyota inakuja gari likishasimama. Mwendo ukizidi, inasikika sauti tu.

"Sauti ya nani?" Upepo aliuliza.

Mama aliitoa simu mkononi mwa binti yake, akaisogeza mdomoni, akarekodi: "Mwanangu, punguza mwendo. Nakuona."

Siku ya kwanza Upepo aliisikia mara kumi na moja. Katika wiki ya tatu, ilipita siku nzima bila kuisikia. Mwezi ulipokwisha, mwenye kiwanda alilizunguka gari mara mbili, akapitisha kiganja ubavuni. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Funguo zako hizo," alisema. "Na dada yako aje. Nataka programu hiyo kwa madereva wangu wote wanane."

"Sawa, lakini sauti ya mama yangu haitawatisha," Upepo alisema. "Kila mmoja alete wa kwake."

Jumatatu mama saba walipanga foleni getini pa kiwanda. Wa mwisho alisema kwenye simu mpaka dada akambembeleza akatishe.

"Bado sijamaliza!" alifoka. "Huyu namjua mimi!"

Madereva wakacheka, isipokuwa mwanawe. Yeye alifunga mkanda, akatoka getini polepole, macho mbele.

Mbele ya karakana, baba yake Upepo alitazama magari yote manane yakipita. "Haya, bila kugonga nguzo mtaniua kwa njaa," alisema, huku akipiga makofi.