Grisi Nyeusi Kwenye Pindo la Sketi

— Hiyo grisi si ya kwangu!

Fundi baiskeli alikuwa ameshika pindo la sketi ya mchumba wake kama askari aliyekamata ushahidi. Grisi yake yeye ilikuwa nyekundu, miaka yote. Hii ilikuwa nyeusi tii.

— Mpenzi, acha wivu, — alisema mchumba wake, fundi cherehani, akijinasua. — Grisi ni grisi.

— Kila jioni nikikupigia, una shughuli. Shughuli gani hiyo ya grisi? Au ni yule fundi pikipiki?

Mwanamke akaangua kicheko. Kicheko hicho kikamchoma mwenzake mpaka kwenye maini.

— Kesho asubuhi utajua.

— Kesho nahama!

Kweli alikuwa anahama. Watu walikuwa wamekimbilia pikipiki, na rimu zake zilining'inia ukutani zikila vumbi. Kaka yake alimpatia kazi kwenye gereji ya mji wa mbali. Fundi cherehani naye alishasema hamwachi mama yake mgonjwa. Fundi baiskeli akipanda basi tu, uchumba umekwisha, na wote wawili walilijua hilo.

Asubuhi kaka akapiga simu.

— Mdogo wangu, umeshatoka?

— Ndiyo nafunga mlango, kaka.

Kabla hajabana kufuli, ujumbe wa mchumba wake ukaingia: "Simama barabarani, tazama juu mlimani. Na usilie."

Akatazama.

Wanawake! Wauguzi, wauza mboga, mwalimu mkuu na miwani yake, hata shangazi yake aliyeapa hapandi chombo cha magurudumu mawili mpaka kufa. Walikuwa wanateremka na baiskeli zilizooza stoo miaka na miaka, kengele zikilia mtaa mzima, sketi zikijaa upepo. Hakuna sketi hata moja iliyonaswa na mnyororo. Zote zilishonwa na mikono anayoijua: kwa nje sketi, kwa ndani suruali.

Fundi baiskeli hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile tangu azaliwe, wala hakujua kama binadamu anaweza kupendwa kiasi hicho.

Mbele kabisa, fundi cherehani alikuwa anapiga mayowe.

— Nidakeee! Kuendesha nimejifunza, kusimama bado!

Akamdaka. Wakabiringishana mchangani, baiskeli juu yao.

— Kumbe ile grisi...

— Ya baiskeli ya mama, niliyojifunzia kila jioni. Wote hawa walitaka kuendesha, sketi ndizo zilizowazuia. Ulilalamika wateja wamekukimbia, hukuwahi kuwauliza kwa nini.

— Nisamehe, mpenzi wangu.

— Nyie! — shangazi akafoka. — Mtagaagaa hapo mpaka lini? Mnyororo wangu umelegea!

Simu ikaita tena.

— Mdogo wangu, basi hilo linakuacha!

— Liende, kaka. Nina foleni ya wateja. Wewe ndiye uje huku, kuna harusi.

— Ya nani?

Fundi akamtazama mchumba wake. Mchumba akaitikia kwa kichwa, grisi puani.

— Yangu. Ila uwahi, bibi harusi anakuja na baiskeli, na kusimama hajui.