Glavu za Violante

Kila asubuhi, kengele ya kwanza ikilia mjini Urbino, Violante alikuwa amekwisha kusimama katika ukumbi wa wasichana wa jumba la mtawala, kitabu cha adabu kikiwa wazi mbele yake. Alisoma, akainama, akatembea, akainama tena. Kisha alipiga gambusi hadi adhuhuri. Alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alikuwa hoi kama punda wa kinu.

Kitabu kilisisitiza kwamba mtu wa adabu hufanya kila kitu kana kwamba hakimsumbui. Kwa hiyo nyuzi za gambusi zilipomchubua kidole, Violante alinyamaza. Kidole kilipotunga usaha, alivaa glavu.

"Siku hizi mikono yako ina haya kama bibi harusi," Bernardina, mwenzake wa chumba, alimtania. "Hata mkate unaula ukiwa na glavu? Mwambie mlezi wetu, Bibi Orsina, kwamba unaumwa."

"Nimwambie nini? Jumapili napiga mbele ya wageni. Nikishindwa, narudishwa kwa mama."

Ijumaa, kabla ya chakula, mtumishi alipita na birika ili wote wanawe. Violante akaficha mikono chini ya meza.

"Vua glavu, unawe," alisema Bibi Orsina.

"Nimeshanawa, Bibi."

"Umenawa wapi?"

Violante akavua glavu polepole, amekaza meno. Kidole kilikuwa kimevimba, na wekundu umefika kiganjani.

Bibi Orsina hakumkaripia. Alimpeleka jikoni, akakitumbua kidole, akakiosha kwa divai ya moto na kukifunga kitambaa safi. Violante alilia, kwa uchovu zaidi kuliko maumivu.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Siku tisa."

"Basi Jumapili Bernardina ataimba, wewe utalala. Kwa mke wa mtawala nitakwenda mwenyewe kueleza. Hakuna wa kukurudisha kwa mama yako."

Kidole kilipona baada ya wiki tatu. Siku Violante aliporudi darasani, Bibi Orsina alikifunga kitabu mbele ya wasichana wote.

"Mgeni mfichieni jasho lenu, asione taabu yenu," alisema. "Lakini mimi si mgeni. Kumficha mlezi wako jeraha si adabu, ni uongo, na uongo huo ulikaribia kumkata mwenzenu mkono. Ukichoka, sema. Ukiumia, sema mapema."