Kamba ya Kasha la Alamin

Rafiki yangu Thabit bin Yaser, wa Mtendeni hapa Tabora, si mtu wa kutunga mambo. Oktoba iliyopita mjukuu wake Sheima alipata kazi ya ubaharia Ziwa Tanganyika. Thabit akaingia stoo kumtolea kasha la babu yake mwenyewe, Alamin, baharia aliyezama ziwa hilohilo mwaka 1911. Wapagazi walilileta kutoka Ujiji likiwa limefungwa kamba, na hakuna aliyelifungua.

“Baba Ruaa, usiikate,” mkewe Nunu alimwambia. “Mzigo wa marehemu hufunguliwa kwa mkono.”

“Fundo la miaka mia, Mama Ruaa! Utalifungua kwa meno yapi?”

Akaikata. Kasha lilikuwa tupu, na Sheima akapanga nguo zake humo.

Asubuhi ya safari, katika giza la stoo, Thabit alisikia matone yakidondoka. Kasha lilikuwa limefungwa kwa kamba ileile, haina hata alama ya kisu, inachuruzika maji.

Treni ya Kigoma ilipiga honi.

“Babu,” Sheima aliita kutoka chumbani, “mbona nguo zangu zote ziko kitandani?”

Thabit akajaribu kulinyanyua kasha. Lilikuwa na uzito wa mtu.