Mkono wa Ukurasa wa Sita

Wote waliokuwemo nyumbani kwa marehemu Bi. Filemona, mjini Tlacolula, jioni ya siku ya tisa ya matanga, wanakubaliana juu ya haya: kwamba albamu ya harusi ililetwa ikiwa imefungwa kwa karatasi, kwamba bintiye, Araceli, aliifungua kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba mpigapicha, Maricruz Belmonte, aliondoka bila kuaga. Zaidi ya hapo hakuna aliye tayari kuapa. Yanayosalia yametoka kinywani mwa Maricruz, na ni vigumu kuona faida ya kuyatunga, kwa kuwa yanamwaibisha yeye kwanza.

Zamani albamu moja ilimla wiki tatu. Akachoka, akabuni kiolezo: kurasa arobaini, kila picha na nafasi yake iliyokwisha kupimwa, kompyuta ikizijaza yenyewe. Kazi ya wiki tatu ikawa ya asubuhi moja. Ukurasa wa sita ulikuwa wa baraka: mama akimchorea binti msalaba kwenye paji la uso, mlangoni, kabla ya kwenda kanisani. Mkono na paji tu. Sura hazionekani.

Siku ya harusi ya Araceli, mama alipoinua mkono, Maricruz alikuwa ameinama akibadilisha betri. Alipoinuka, baraka ilikwisha kutolewa. Aliona haya kuomba irudiwe. Kiolezo nacho hakikubali nafasi tupu. Basi akachukua mkono wa mama kutoka picha ya baraka ya harusi ya mwaka uliotangulia, ya msichana aitwaye Yesenia, akaupachika kwenye paji la Araceli. Mkono ni mkono, alijiambia. Nani atajua?

Albamu ilikuwa imekwisha kuchapwa Bi. Filemona alipofariki ghafla. Araceli akapiga simu.

"Dada Maricruz, picha zake akicheka ninazo tele. Ya kunibariki ni hiyo moja tu. Niletee kabla msalaba haujainuliwa."

Maricruz aliazimia kukiri mlangoni, kabla karatasi haijafunguliwa.

Alifika jua likizama. Sakafuni, mbele ya mishumaa, ulilala msalaba wa chokaa uliochorwa siku ya mazishi, ukingoja kuzolewa jioni hiyo, ndiko kuuinua, ili matanga yaishe. Remedios, mdogo wake marehemu, alikuwa mlangoni na sinia la vikombe vya chokoleti ya moto.

"Umefika, mwanangu. Tulidhani hiyo albamu unaifuma kwa sindano."

"Mama Mdogo," Maricruz alinong'ona, "kabla hajaifungua, kuna jambo..."

"Jambo lisubiri chokoleti. Ikipoa, lawama ni zangu."

Nyuma yao karatasi ilichanika.

Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Araceli alifungua taratibu, akilainisha kila ukurasa kwa kiganja. Wa tano...

Harufu ikamjia Maricruz. Mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, kama jikoni mwa Bi. Filemona kila alfajiri. Chokaa ilikuwepo sakafuni, hilo halikanushiki. Mahindi hayakuwepo.

Ukurasa wa sita.

Mkono ulikuwa na kovu.

Kovu jembamba, limepinda kama mwezi mchanga, chini ya kidole gumba. Mkono alioupachika Maricruz haukuwa nalo. Alikuwa ameukuza ukajaa kioo cha kompyuta. Aliujua hadi vinyweleo.

"Ni wake," Araceli alisema kwa sauti ya chini. "Bati la kuokea chapati za tortila lilimchoma hapo hapo."

"Wa nani mwingine?" Remedios akajibu. "Mkono huo ulinizaba vibao kabla wewe hujazaliwa."

Araceli akainuka, akamkumbatia Maricruz kwa mikono miwili. "Ahsante, dada. Siku ile ulikuwa macho kwa niaba yangu."

Sasa, Maricruz aliwaza. Sema sasa. Akafungua kinywa.

Kitu kikavu, baridi, chenye chembechembe, kikamgusa kwenye paji la uso.

Juu... chini.

Kushoto... kulia.

Mikono ya Araceli ilikuwa mgongoni mwake. Ya Remedios ilikuwa kwenye sinia.

Alitoka bila kuaga, na katika kioo cha gari aliona unga mweupe, kama wa chokaa, juu ya nyusi zake.

Kesho yake simu ililia. Alikuwa Yesenia.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Picha zako huwa zinafifia? Ile ya mama akinibariki... paji langu lipo. Mkono haupo. Na mama mwenyewe, tangu jana jioni, mkono wa kulia hauinuki."

"Ni wino," Maricruz alisema. "Unyevu huo."

Kisha akafungua faili la asili la picha hiyo ya Yesenia. Paji, shela, mwanga wa mlangoni. Hakuna mkono. Kivuli chake tu, kimelala palepale juu ya ngozi.

Yapo majibu. Wino hufifia. Wazee hupooza. Faili laweza kuguswa na mwenye kulihifadhi, na huyu kugusa picha ndiyo kazi yake. Unga ungeweza kurushwa na upepo wa mlangoni. Kila jibu, likisimama peke yake, linasimama.

Lakini hadi leo hajamwambia Araceli, wala Yesenia. Kila akikaribia kusema, paji lake hupata baridi, naye hunyamaza. Na anakiri kwamba kunyamaza humpa nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayomtia aibu kuliko yote.

Wewe uliyesikiliza, amua: jioni ile alibarikiwa, au alifungwa kinywa? Na ungekuwa wewe, ungeanza kubisha hodi kwa binti yupi?