Chumba cha Chini ya Ngazi

Rafiki yangu Roselyne hapendi nihadithie haya, lakini nimechoka kuyabeba peke yangu. Kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini hapa Jeddah, alikuwa anauza jumba la mawe la babu yake, nje ya mji. Madam, mke wa kafili, akampeleka huko mchana kulisafisha kabla familia ya wanunuzi haijaja kuliona, akamfungia kwa nje kama kawaida yao. Umeme ulishakatwa, na madirisha ya mbao yalikuwa yamepigiliwa misumari.

Chini ya ngazi kulikuwa na chumba cha mfanyakazi. Kwa mazoea ya nyumbani, Roselyne akabisha.

"Hodi!"

"Ngoja nivae," mwanamke akajibu, kwa Kiswahili.

Roselyne akangoja gizani na ndoo yake. Alisikia nguo ikivutwa taratibu, ikivutwa tu, haiishi.

Madam aliporudi alifoka, "Yalla! Mbona hujapiga deki humu?"

"Kuna dada anavaa, madam."

Madam hakuuliza dada gani. Alimulika komeo la mlango wa chumba kwa simu. Lilikuwa upande wa nje, limefungwa, na kufuli lake limeshika kutu.

"Nimeshavaa," sauti ikasema ndani. "Fungueni."